Mafuta ya Mama

Tangu 1988 maji ya Tana hapa Kiambere yanazungusha mitambo ya stima, na nyaya zikatupita juu kwenda mbali. Mimi nimesomea koroboi: mkebe, utambi wa kitambaa, mafuta ya taa. Jioni moja nilichukua mafuta ya mama nisomee mtihani, nikayamaliza. Usiku mdogo wangu akashikwa na homa. Mama akawasha kiberiti, taa ikakataa. Alimpapasa mtoto gizani mpaka asubuhi. (Alipona, Mungu ni mwema.) Mimi kimya! Ndiyo maana Mathayo 25 inanichoma: wale watano hawakukosa taa, walikosa mafuta. Wiki jana nikamwambia mama. Akacheka: “Nilijua siku ile ile. Mikono yako ilinuka.”