Manung'uniko ya Mgeni

Mtu akaaye kwao hafikiri sana kabla ya kutenda. Ajua njia ya sokoni, ajua bei ya chumvi, ajua ni nani wa kuamshwa mtoto akishikwa na homa usiku. Desturi humchukua kama maji yachukuavyo mtumbwi. Siku anapohamia nchi nyingine maji hayo hukauka, naye hana budi kuuburuta mtumbwi juu ya mchanga. Ndiyo sababu mgeni huchoka mapema kuliko mwenyeji, hata kazi yao ikiwa moja.

Watazamwe Wakongo waliovuka ziwa Tanganyika kwa ajili ya vita, wakapokewa katika mkoa wa Kigoma, nchi ya Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtu angedhani kwamba hawatapata taabu ya maneno, kwa kuwa Kiswahili ni lugha yao na ya wenyeji pia. Sivyo. Mkongo aomba sombe sokoni. Muuzaji hamwelewi, maana kwake majani hayo ya muhogo ni kisamvu. Asema "mutu" mahali pa "mtu", na vijana wacheka. Amwambia mzee "Jambo" kwa heshima yote, na mzee anyamaza, kwa sababu alingoja "Shikamoo". Mzee afikiri kijana hana adabu; kijana afikiri mzee ana kiburi. Wote wawili wamekosea, wala hakuna aliyetenda dhambi. Hata barabara humdanganya mgeni: kwao magari hupita upande wa kuume, Tanzania hupita upande wa kushoto.

Mambo hayo ni madogo, naam. Lakini funza naye ni mdogo, na humlemaza mtu mzima. Jioni mgeni huanza kusema: "Watu wa nchi hii ni wabaya." Je, ana haki ya kusema hivyo?

Yampasa kupima kwanza. Akingoja kwenye zahanati tangu alfajiri hata saa tisa, aangalie ni nani aketiye kando yake. Kama mwenyeji naye angoja, basi hiyo si chuki kwa mgeni. Ni uhaba wa waganga na dawa, na taabu hiyo ni ya wote. Kibali ni jambo jingine. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae mahali alipowekwa, asitoke bila ruhusa. Mwenyeji haombi ruhusa ili aende kufanya kazi kijiji cha pili. Mzigo huu ni wa mgeni peke yake. Wenye kutunga sheria husema kwamba wakimbizi ni wengi na usalama wa nchi hauna budi kulindwa. Neno lao lina uzito. Hata hivyo, seremala mwenye mikono mizima kukaa bure mwaka baada ya mwaka si jambo dogo.

Hapo manung'uniko ni ya haki. Lakini yamfikie nani? Mama auzaye dagaa hakutunga sheria. Mgeni akimtukana huyo, amemwacha mwenye deni akamdai jirani. Na karani akidai fedha za siri kwa karatasi itolewayo bure, huo ni wizi, katika nchi yo yote. Mgeni asiseme, "Ndiyo desturi yao." Akisema hivyo awatukana wenyeji wote waliodaiwa vile vile na karani yule yule, tena amempa mwizi jina zuri.

Iko na hatari ijayo polepole. Mgeni wa miaka mingi huanza kuisifu nchi yake kupita kweli: kule samaki walikuwa wakubwa, majirani hawakugombana, makarani hawakudai kitu. Asahau kwa nini alikimbia. Tena asahau kwamba yule mzee wa "Shikamoo" ndiye aliyemwonyesha kisima.

Wala Wakongo si wageni tu. Ni wenyeji pia. Mwaka 2015 Warundi walipokimbilia Kivu ya Kusini, kambi ya Lusenda ilifunguliwa katika eneo la Fizi, huko huko walikotoka wengi wa Nyarugusu. Mrundi asimama sokoni, ahesabu kwa vidole, auliza bei mara mbili, na watoto wamcheka. Mama wa Kibembe amtajie bei ipi, ya jirani au ya mgeni? Dada yake yu ng'ambo ya ziwa, naye saa ile ile aomba sombe, wala hakuna amwelewaye.