Je, Uaminifu Hununuliwa kwa Ujira?

Miongoni mwa kazi ambazo mtu huwaajiri wengine wamfanyie, iko moja inayoonekana ndogo, lakini ndani yake mmejaa maswali mazito ya uadilifu. Kazi hiyo ni kuhamisha nyumba. Mwalimu anapohamishwa kutoka Musoma kwenda Bunda, au karani anapopelekwa Butiama, hutafuta lori, akapatana na mwenye lori pamoja na wachukuzi watatu au wanne, na kwa muda wa saa chache huwakabidhi watu asiowajua kila kitu alichokichuma tangu alipoanza kazi. Kitanda, godoro, kabati, masufuria, cherehani ya mkewe, vitabu vya watoto, sanduku la nguo lenye vyeti na hati ndani yake: vyote hutoka mlangoni juu ya mabega ya wageni.

Katika mkoa wa Mara jambo hili si geni. Watumishi wa serikali huhamishwa kila mwaka. Wilaya ya Butiama ilipoanzishwa mwaka 2012, ofisi mpya zilihitaji watu, na watu hao walikuja na nyumba zao. Wafanyabiashara hufuata masoko, na wavuvi wa Ziwa Viktoria huhama na familia zao kufuata samaki. Basi ni vizuri tujiulize: yule anayetoa ujira na yule anayeupokea wanadaiana nini? Na swali lililo kubwa zaidi: mtu akiisha kulipa ujira, je, amenunua nguvu za mchukuzi tu, au amenunua na uaminifu wake pia?

Mfano wa Hijra

Ili kulijibu swali hili, tuutazame uhamaji ulio mashuhuri kupita wote katika historia ya Uislamu, yaani Hijra ya mwaka 622. Watu wengi wanajua habari za pango la Thaur na za safari ya kwenda Madina, lakini wachache hukumbuka kwamba katika safari ile alikuwemo mtu wa kuajiriwa. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) na Hazrat Abu Bakr (r.a.) walimwajiri Abdullah bin Uraiqit, kiongozi wa njia aliyeijua sana kazi yake. Mtu huyo hakuwa Mwislamu. Alikuwa angali katika dini ya Makureshi. Hata hivyo walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye awafikie pangoni baada ya siku tatu. Naye alitimiza ahadi, akawapitisha njia ya pwani mpaka wakafika salama.

Sasa tufikiri kidogo. Makureshi walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia mia moja kwa atakayemrudisha Mtume (s.a.w.). Ni ujira gani wa kuongoza njia ungeweza kushindana na ngamia mia moja? Kama uaminifu ungekuwa bidhaa ya sokoni, bila shaka ungemwendea mwenye bei ya juu, na Abdullah bin Uraiqit angejua mahali pa kuuuza. Lakini hakuuuza. Twaona basi kwamba ujira ulilipia ujuzi wake na siku zake; uaminifu alikuja nao mwenyewe, na hakuna aliyeutia bei.

Jibu la swali letu limo humu. Ujira hununua nguvu, ujuzi na wakati. Uaminifu haununuliwi, kwa sababu mtu anadaiwa uaminifu hata kabla hajalipwa senti moja. Mchukuzi asiyeiba hakufanya hisani iliyo juu ya mapatano, wala mwenye nyumba anayelipa kwa wakati hakutoa zawadi. Wote wawili wametimiza deni walilokuwa nalo mbele ya Mwenyezi Mungu tangu kabla ya kukutana.

Yafaa pia wale walioingia katika dini karibuni walizingatie jambo moja zaidi. Wapo wanaodhani kwamba mtu wa dini yao tu ndiye wa kuaminiwa, na mwingine wote ni wa kushukiwa. Mfano huu waondoa dhana hiyo. Na katika safari ile ile, Mtume (s.a.w.) alimwacha nyuma Hazrat Ali (r.a.) arudishe amana ambazo watu wa Makka waliziweka kwake, na hali wengine miongoni mwa watu wa mji huo walikuwa wakitafuta roho yake. Amana haiulizi dini ya mwenye mali.

Mizani ya pande mbili

Kurani Tukufu, katika Sura ya 28, inaeleza jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyoajiriwa Madiani. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake kwamba mtu bora wa kuajiriwa ni yule mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa hizi mbili hutajwa sana, na ni haki zitajwe. Mchukuzi mwaminifu asiye na nguvu ataangusha kabati. Mwenye nguvu asiye mwaminifu atalifikisha kabati zima na kilichokuwa ndani hakipo. Lakini wengi huishia hapo, wasisome maneno ya mzee mwenyewe. Yeye, akiwa mwajiri, alitaja muda wa kazi waziwazi, kisha akaahidi kwamba hataki kumtaabisha Musa. Kwa hiyo aliyeajiriwa alipimwa kwa nguvu na uaminifu, na mwajiri naye akajifunga asiwe mgumu. Mapatano yenye upande mmoja tu wa wajibu hayana mfano katika Kitabu hicho.

Hebu tuiingize mizani hii katika lori letu. Tuseme mwalimu amepatana na mwenye lori atoke Musoma hadi Bunda kwa kiasi fulani. Wamepita Makutano, na walipofika Kiabakari dereva akasimamisha gari, akasema mzigo ni mzito kuliko alivyoambiwa, fedha ziongezwe au vitu vishushwe kando ya barabara. Jua linatua, watoto wana njaa, mama yao amekaa juu ya magodoro. Mwalimu anakubali. Je, amekubali kweli? La hasha. Ridhaa inayopatikana hivyo ni jina tu la ridhaa. Hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania yataka makubaliano yawe ya hiari, wala haiyahesabu kuwa ya hiari yale yaliyoletwa kwa kushurutishwa au kwa hila.

Lakini tusimhukumu dereva kabla hatujamwuliza mwalimu swali moja: alisema nini siku ya kupatana? Ikiwa alisema “vitu vichache tu” ili apunguziwe bei, kisha asubuhi akatoa makabati mawili, magunia ya mahindi na matofali yaliyobaki ujenzini, basi hila ilianza mlangoni pake. Dereva alikuwa na haki ya kudai zaidi, ila haki hiyo alipaswa kuidai pale pale mlangoni kabla kamba haijafungwa, mahali ambapo mwalimu angeweza kusema hapana. Kuinyamazia haki mahali pa uhuru, kisha kuidai mahali pa dhiki, ni kuigeuza haki kuwa dhuluma. Hapa kila mmoja amemkosea mwenzake, na kosa la mmoja halifuti la mwingine.

Kinapovunjika kitu

Swali jingine gumu ni la hasara. Kioo kimevunjika, nani alipe? Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo hili kwa makini tangu karne za mwanzo. Imepokewa kwamba Hazrat Ali (r.a.) aliwatoza mafundi fidia kwa mali za watu zilizopotea mikononi mwao, akiona kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatatengenea. Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alimhesabu fundi wa watu wote kuwa ni mwenye kushika amana, asiyelipa kitu kilichopotea bila tendo lake. Wanafunzi wake wawili, Imam Abu Yusuf na Imam Muhammad, walimtaka alipe, isipokuwa kwa janga lisilozuilika kama moto mkubwa. Lakini kwa kitu kilichoharibika kutokana na kazi yake mwenyewe, madhehebu hayo yanamtaka fundi alipe. Na katika kitabu Al-Hidaya cha Al-Marghinani, aliyefariki mwaka 1197, imetolewa mifano ambayo mtu yeyote wa Musoma ataitambua: hamali aliyeteleza na mzigo, na kamba ya kufungia mzigo iliyokatika. Kukanyaga kwa uangalifu na kuchagua kamba imara ni sehemu ya kazi iliyolipiwa. Nayo sheria ya Tanzania inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kwa uangalifu ule ule ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake.

Kwa upande mwingine, mwenye nyumba aliyeficha kioo ndani ya godoro bila kumwambia mtu, au aliyetia vyombo vya udongo katika gunia na masufuria, amejivunjia mwenyewe. Hana haki ya kumdai aliyebeba asichojua.

Kuna desturi mbaya hapa inayopasa kukomeshwa. Kioo kimoja kinavunjwa na kijana mmoja, na mwenye nyumba anazuia ujira wa wote wanne. Huko ni kuchanganya hesabu mbili. Ujira ni deni la kazi iliyokwisha kufanyika. Fidia ni deni la hasara, nalo ni la aliyeileta. Kila deni lina mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na akatoa habari kwamba mtu anayemaliza kuchukua kazi ya mwajiriwa wake kisha asimlipe ni miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Nani anataka kusimama mbele ya mshitaki wa namna hiyo kwa ajili ya kioo?

Kuhesabu si kushuku

Huenda mtu akauliza: “Ikiwa uaminifu haununuliwi, nami siwajui watu hawa, je, nisiwalinde?” Jibu ni kwamba iko tofauti kati ya kuhesabu na kushuku. Kurani Tukufu inaagiza madeni yaandikwe, na haikusema kwamba wakopaji wote ni wezi. Maandishi humlinda mkopaji sawasawa na anavyomlinda mkopeshaji. Vivyo hivyo, orodha ya vitu iliyosomwa mbele ya wachukuzi wakati wa kupakia, ikasomwa tena wakati wa kushusha, humkinga kijana mnyofu asisingiziwe kijiko kilichosahauliwa jikoni. Ama kumfuata mtu nyuma kila hatua, kunong’ona na kumkagua mifukoni bila sababu, hiyo ndiyo dhana mbaya ambayo Kitabu hicho kimeikataza.

Tukumbuke vilevile kwamba mchukuzi hukabidhiwa zaidi ya vitu. Nyumba husitiri mambo, na siku ya kuhama sitara huondoka. Macho yake huona godoro lililochanika, dawa za mgonjwa, na upungufu ambao jirani wa miaka kumi hakuujua. Akiyapeleka hayo kijiweni amevunja amana, hata kama kila kikombe kimefika kizima.

Na mwenye nyumba naye asimdharau anayembebea. Wako wanaotamka neno “kuli” kana kwamba ni tusi. Historia ya nchi zetu imebebwa na mabega ya watu hao. Misafara ya bara hadi Bagamoyo ilitegemea wapagazi, na katika Vita Kuu ya Kwanza makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa wakibeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao, ingawa wengi wanaolitaja hawajui. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Angalau aliye mbele yetu leo tumwulize jina lake, tumpe maji ya kunywa, na tusimpakie mzigo ambao sisi wenyewe tungeukataa.

Hatimaye yabaki neno moja. Umaskini haumhalalishii mchukuzi kuiba. Lakini mwajiri anayewabana vijana wenye njaa mpaka bei isitoshe hata chakula cha siku, kisha akawaachia mali yake yote, amewawekea jaribu ambalo ataulizwa habari zake. Hawezi kuununua uaminifu wao, ila anaweza kuacha kuupa uzito usiokuwa wa lazima. Apatane kwa ukweli, ahesabu kwa uwazi, alipe papo hapo. Naye mchukuzi abebe kama anayejua kwamba Mwenye kuona yumo pamoja naye nyuma ya lori, palipofunikwa turubai.

Mwenyezi Mungu atujalie sote tuwe watu wa kurudisha amana kwa wenyewe, tunapoajiri na tunapoajiriwa. Amin.