Mkono wa Nani Umechora?



Baadhi ya wazazi wetu wanajitolea shuleni kama wasaidizi wa kipindi cha sanaa katika madarasa ya chekechea. Kazi yenyewe haionekani kubwa: kufungua vifuniko vya rangi, kuwafunga watoto aproni, kuandika jina nyuma ya karatasi, kuosha brashi. Lakini ndani yake kuna swali zito. Mtoto wa miaka mitano akichora mbuzi mwenye miguu saba, msaidizi afanye nini?

Wengi wetu mkono huwasha kusahihisha. Hatutaki mtoto achekwe picha ikibandikwa ukutani. Tena wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto afundishwe kushika mkasi bila kujikata, kufunika gundi na kumpisha mwenzake. Hayo ndiyo ya kukunja. Miguu saba si utovu wa adabu. Mwambie, "Hebu nieleze mbuzi wako." Huenda akakujibu kwamba anakimbia. Ukimfutia na kumchorea minne, picha itapendeza zaidi, lakini haitakuwa yake tena, naye atakuwa amejifunza kwamba mkono wake hautoshi.

Sisi wahamiaji tunaijua hali hiyo. Umesimama dirishani ofisini, unatafuta neno la Kiingereza, na kabla hujalipata mtu amekumalizia sentensi, amechukua fomu na kuijaza mwenyewe. Nia yake ni njema, na shughuli imekwisha haraka. Hata hivyo unatoka pale ukijiona mdogo. Yule anayekungoja ulipate neno lako amekusaidia zaidi.

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyebuni jina "kindergarten" mwaka 1840, alikusudia bustani ya watoto. Aliwapa vipande vya mbao vya kujengea na karatasi za kukunja na kusuka, wajifunze kwa mikono yao. Mkulima hupalilia na kumwagilia, lakini haurefushi mche kwa kuuvuta.

Chekechea ya kwanza hapa Marekani ilifunguliwa mwaka 1856 mjini Watertown, Wisconsin, na Margarethe Schurz, mhamiaji kutoka Ujerumani. Aliwafundisha watoto kwa Kijerumani, lugha ya nyumbani kwao. Kwa hiyo mzazi ambaye Kiingereza chake bado kinakwama asijione mgeni katika darasa hilo. Kwenye meza ya rangi, subira inahitajika kuliko maneno mengi.

Anayetaka kujitolea amuulize mwalimu wa mwanawe. Shule nyingi huchunguza rekodi za msaidizi kabla ya kumruhusu kuingia darasani, hivyo fomu zijazwe mapema. Ukishaingia, kaa karibu na watoto. Anayekwama msogezee rangi, halafu mngoje.

Jumapili njema.