Punje ya mwisho haina hatia

Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Oslo, watafiti walimimina mchele kidogo kidogo katikati ya vioo viwili vilivyosimamishwa, wakapima kila mporomoko. Kwa mchele wa punje ndefu, umiminaji uleule mara ulisogeza punje chache tu, mara ulishusha sehemu kubwa ya lundo. Maporomoko madogo yalikuwa mengi, makubwa machache, na hapakuwa na ukubwa ambao ungesema ndio wa kawaida. Wazo la maporomoko yasiyo na ukubwa wa kawaida walikuwa wamelitoa wanafizikia Per Bak, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld mwaka 1987, kwa mfano wa lundo la mchanga.

Ardhi nayo ina hesabu ya namna hiyo. Bonde la Ufa hutanuka milimita chache tu kwa mwaka, kama mchele unaomiminwa kidogo kidogo. Duniani, kwa kila tetemeko la ukubwa wa 6 hutokea takriban 10 ya ukubwa wa 5, na takriban 100 ya ukubwa wa 4. Ukishawapima watu mia wa kijijini, wa mia na moja hatakuja na urefu wa mnazi. Matetemeko hayatupi uhakika huo: Rukwa, Desemba 1910, lilipiga la takriban 7.4.

Ndiyo maana huniuma kusikia watu, maiti hazijazikwa, wakimtafuta aliyeleta balaa: dhambi za mji huu, kizazi hiki kilichopotoka. Msiba mkubwa tunautafutia chanzo kikubwa. Lakini punje iliyoangusha lundo haikuwa nzito kuliko wenzake. Uzito ulikuwa wa lundo zima, uliojikusanya miaka na miaka bila kelele, na kumtwisha mmoja lawama ya wote, eti kwa kuwa alikuwa wa mwisho kugusa, ni dhuluma.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Hapo lipo swali halali la lawama, nalo linahusu kuta. Hesabu haiwezi kututajia siku ya tetemeko lijalo, ila inatuambia kwamba kubwa limo katika orodha ileile ya madogo tunayoyasahau kabla ya jioni. Kwa anayejenga, hilo linatosha: lenta yenye nondo izunguke nyumba nzima, matofali yaumane vizuri kwenye kona, na mwenye nyumba aende akayaone mwenyewe kabla plasta haijayafunika.