Ukweli wa Chombo Kikuukuu

Katika kijiji cha Ihanda, kando ya barabara kuu itokayo Vwawa kwenda Tunduma, tulikuta gari kuukuu aina ya Land Rover likitengenezwa chini ya mparachichi. Mwenye gari alisema kwamba lilikwenda vitani Kagera, naye alitaka lirudishwe liwe kama lilivyokuwa. Fundi, kijana mpole asiyependa maneno mengi, akaweka spana chini akamwuliza: “Mzee, kama lilivyokuwa siku gani?” Mzee hakuwa na jibu. Nasi tuliokuwa tumeketi pembeni tukingoja basi hatukuwa nalo, na tangu siku ile swali hilo limekuwa likitusumbua.

(Twajua kwamba raia haruhusiwi kujivika sare za jeshi, kama gari nalo huhesabiwa kuwa limevaa, hayo tunawaachia wanasheria.)

Huko Ulaya na Marekani wako watu ambao wamejitolea maisha yao kuvirudishia vyombo vya vita hali yake ya asili. Hutafuta parafujo ya mwaka ule ule, rangi ya kiwanda kile kile, hata herufi za namba zikae palepale zilipokaa. Hatuwacheki. Uangalifu wa namna hiyo ni adabu mbele ya mambo yaliyopita, na bila ya adabu hiyo kila mtu angejitungia historia apendavyo. Lakini kazi yao imejengwa juu ya dhana moja ambayo aghalabu haisemwi: kwamba chombo kina saa yake moja ya kweli, na kwamba yaliyokuja baada ya saa hiyo ni uchafu wa kukwanguliwa. Nani aliyeichagua saa hiyo?

Tuanze na vita vyetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu halikuwa na magari ya kutosha kuwachukua askari na vyakula na risasi kwa safari ndefu kama ile. Basi yakakusanywa malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi. Magari yaliyozoea magunia ya pamba na kahawa yakachukua wapiganaji, hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sasa tuseme mtu amelipata lori mojawapo katika hayo, naye akalipaka kijani tangu pua hadi mkia, akalitia namba za jeshi na turubai jipya. Atakuwa amepata chombo kizuri cha vita ambacho hakijapata kuwako duniani. Ukweli wa lori lile ulikuwa katika jina la shirika lililokuwa mlangoni, likionekana kwa shida chini ya vumbi la Kagera. Ukilifuta jina hilo kwa ajili ya uaskari, umeifuta ile habari yenyewe ambayo kwayo lori lastahili kutunzwa, yaani kwamba nchi nzima ilikwenda vitani na vile ilivyokuwa navyo.

Wayunani wa kale walibishana juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja mpaka haikubaki hata moja ya kwanza: je, ilikuwa merikebu ile ile? Mhunzi wa Unyiha, ambaye wazee wake waliyeyusha chuma katika vilima hivi muda mrefu kabla ya jembe la dukani, asingeona ugumu wowote hapo. Mpini hubadilishwa, bapa hurudi motoni likapigwa upya, na jembe ni lile lile maadamu lalima shamba lile lile la nyumba ile ile. Jibu hili latupendeza, maana lakipima kitu kwa kazi yake. Hata hivyo halitutoshi. Jembe halina la kuficha, ilhali chombo cha vita kimejaa mambo ambayo wenyewe wangependa yasahauliwe.

Mfano mkubwa tulio nao uko katika Ziwa Tanganyika. Meli iitwayo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani waliisimamia ikiungwa tena, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa ziwani. Ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka huo huo. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipouacha Kigoma, wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Ila kwanza mafundi wale waliipaka mitambo yake mafuta mazito, kwa tumaini la kurudi. Hawakurudi wao, Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali mizima, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la upande wa kusini wa ziwa lile. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikaondolewa, ikawekwa ya dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mwaka 2015 iliwachukua maelfu ya Warundi waliokuwa wamejazana Kagunga, ikawafikisha Kigoma.

Wako wanaosema kwamba meli hii ingefaa irudishwe ilivyokuwa mwaka 1915, iwe makumbusho. Twawauliza: je, Liemba ya mwaka 2015 ni ya uongo? Mama wa Kirundi aliyepanda pale Kagunga na mtoto mgongoni alipanda chombo gani? Meli hii ilikuwa ya vita kwa muda usiotimia miaka miwili. Imekuwa ya abiria, ya dagaa na ya wakimbizi kwa muda wa karibu karne nzima. Kuichagua ile miaka miwili kuwa ndiyo asili yake ni kusema kwamba kitu cha Afrika hupata maana pale tu Mzungu anapokitumia kumpiga Mzungu mwenziwe.

Lakini hata wale wapenda asili wakubaliwe hoja yao, watakutana na jambo ambalo latuchekesha kila tulikumbukapo. Kabla ya meli kuzamishwa, mzinga wake mkubwa uling'olewa ukatumike katika vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti ili adui adhani meli ingali na meno. Basi mwenye kuirudisha meli kama ilivyokuwa katika siku zake za mwisho za uaskari hana budi kumwita seremala. Akiweka mzinga halisi wa chuma, atakuwa amedanganya. Akiweka ule wa uongo, atakuwa amesema kweli. Mmoja wa mizinga ya Königsberg umewekwa Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, na wageni hupiga picha mbele yake. Wa mti haumo katika makumbusho yoyote tuliyopata kuyatembelea. Watu hutunza kile kilichotisha, hawatunzi hila wala unyonge, ingawa vita hufanywa kwa hivyo pia.

Na hapa ndipo swali la fundi wa Ihanda linapotubana kwa karibu zaidi, maana nchi hii ya Mbozi nayo ilipitiwa na vita hivyo hivyo. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka upande wa mpaka wa kusini. Mwishoni mwa Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck, akikimbizwa, alipita Mbozi akaelekea Fife, ng'ambo ya mpaka wa leo, si mbali na Tunduma, kabla ya kuweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Majeshi hayo yalisafiri kwa chombo gani? Farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo, na magari yalishindwa na matope. Chombo cha vita katika nchi hii kilikuwa kichwa cha mtu na mgongo wake. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, pande zote mbili, wakafa kwa njaa, kuhara na homa kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, ni mabaki ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Wengi wanunuao nyanya pale hawalijui hilo.

Chombo hicho hakirudishiki katika asili yake. Wala hatungependa mtu atengeneze sanamu ya mpagazi mwenye misuli mizuri akitazama mbali. Hiyo nayo ingekuwa rangi ya kijani juu ya jina la mlangoni. Lakini ikiwa siku moja Liemba itawekwa wazi kwa watu waje kuitazama, au mzinga wowote wa vita vile upewe kibanda chake, tungeomba kando yake iwekwe ngata, basi, na maandishi mafupi kusema kazi yake. Hakuna haja ya kuitafuta ngata ya mwaka 1916, maana haikuundwa ili idumu. Mpagazi aliisokota asubuhi na kuitupa jioni. Isokotwe mpya kila ikikauka. Majani ya mgomba yapo tele Ihanda, na wazee wa kuonyesha namna ya kuyasokota wangalipo.