Kutoka Altareni Hadi Jikoni

Anayeingia Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Unguja, huoneshwa duara la marumaru nyeupe mbele ya altare, na husimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa na kuchapwa watumwa kabla ya kuuzwa. Hayo ni masimulizi. Yasiyo na shaka ni kwamba soko lile lilifungwa mwezi Juni 1873, kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash chini ya shinikizo la Waingereza, na kwamba siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi ule, alizikwa nyuma ya altare hiyo mwaka 1882. Wageni hupiga picha, wakenda zao.

Lakini jengo lile lina swali lisilopigika picha. Miongoni mwa waliosali humo siku za mwanzo walikuwamo watu waliokuwa wamenunuliwa na kuuzwa kama magunia ya karafuu. Ibada ilipokwisha, walitoka kwa mlango uleule wakaikabili njia: mwenye duka aliyewajua kwa jina la utumwa, mpita njia asiyeitikia salamu yao, mwanamke wa dini nyengine aliyekuwa akiwagawia maji ya kisima chake. Imani yao ilidai nini kwao kuanzia pale mlangoni? Na ilidai nini kwa wale waliokuwa hawajapata kufungwa kamba?

Jibu jepesi hupatikana upesi: imani na matendo ni kitu kimoja, wala hakuna haja ya kuvitenganisha. Jibu hilo ni sahihi, na kwa usahihi wake halimsumbui mtu yeyote. Husemwa mimbarini, watu wakaitikia kwa vichwa, kisha wakarudi majumbani mwao. Swali zito ni jengine: kati ya altare na jiko, ni kipi kinachokipima chenzake?

Na kuanzwe na neno. Waliofasiri Injili kwa Kiswahili, Steere akiwa mmoja wao, walihitaji neno la yule ambaye Mkristo ameamriwa kumpenda kama nafsi yake, nao wakashika “jirani”. Neno hilo lilikwisha kuwa na wenyewe. Lilitoka katika Kiarabu, na pwani hii likawa limejengewa sheria zake zisizoandikwa. Jirani ni yule ambaye ukuta wake ndio ukuta wako. Moshi wake huingia kwako bila ya kubisha hodi. Bakuli lililokuja na kitu halirudi tupu. Msiba wake huondosha ngoma yako. Uislamu nao umeipa haki ya jirani uzito mkubwa, hata mtoto wa chuoni huifahamu kabla hajafahamu hesabu. Kwa hiyo Mswahili aliyebatizwa hakulikuta neno likiwa tupu, likingoja kutiwa maana na wageni. Alilikuta limejaa.

Basi Injili ililiongezea nini? Katika kisa cha Msamaria, mwanasheria anauliza jirani yake ni nani. Ni swali la mtu anayetaka mpaka: mpaka ukishawekwa, walio nje yake hawamdai kitu. Yesu hakumwekea mpaka. Alimsimulia habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya kuteremkia Yeriko, akapitwa na wenye dini yake, akaokotwa na mtu wa kabila lililodharauliwa. Kisha akamgeuzia swali, amwambie katika hao watatu ni nani aliyekuwa jirani wa yule majeruhi. Kwa hesabu ya kuta na mitaa, jirani ni mtu aliye karibu. Kwa hesabu ya kisa hiki, jirani ni mtu anayesogea. Mtu hana jirani mpaka yeye mwenyewe awe jirani wa mtu.

Kuna jambo jengine katika kisa hicho ambalo wahubiri huliruka. Waswahili husema, tenda wema nenda zako. Ni msemo wenye adabu kubwa, kwani humkataza mtenda wema asisimame kungoja shukrani. Msamaria alitenda wema, naye akenda zake. Alikuwa na safari. Lakini kabla hajaondoka alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akamwahidi kwamba kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Wema wa namna hii haufungi hesabu. Unajifunga kwa gharama usiyoijua kiasi chake, kwa ajili ya mtu asiyeweza kulipa. Anayempa maskini noti ya elfu akaharakisha hatua ametenda wema na amekwenda zake. Anayeahidi kurudi ameingia katika ujirani.

Aliyelisema jambo hili kwa ukali kuliko wengi alikuwa mtu wa visiwa hivi kwa kazi yake, Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake waliopenda uvumba, mishumaa na heshima ya Sakramenti, akawaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu aliyemo katika tabernakulo ikiwa hawamhurumii Yesu aliyemo katika vibanda vya mafukara. Maneno haya yamerudiwa mara nyingi, na aghalabu yamerudiwa na watu wanaotaka kusema kuwa ibada si kitu, ubinadamu ndio dini. Weston angewashangaa. Huyu ndiye aliyezusha ugomvi mkubwa baada ya mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913, akiwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa kushirikiana meza ya Bwana na madhehebu mengine. Katika mambo ya altare hakuwa mtu wa kulegeza. Ndiyo maana neno lake lina uzito: hakuikuza huruma kwa kuipunguza ibada.

Wala hakuishia kwenye hotuba. Mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu “wawahimize” Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua kuhimizwa na chifu maana yake nini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walilalamika, lakini walikuwa tayari kuikubali kazi ya lazima ikiwa itawekewa sheria na kinga. Weston alikataa katakata. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu alichowaita ndani yake Waafrika hao watwana wa Uingereza. Mtu aliyesalisha juu ya udongo wa soko la watumwa hakuwa na njia ya kuuita utumwa kwa jina la heshima.

Hata hivyo, ipo hila katika huruma ya mbali, na Weston hakuwa na namna ya kuwakinga wasikilizaji wake nayo. Mtu aweza kuwalilia mafukara wa London, au manamba wa Kenya, kisha akarudi nyumbani akavuliwa koti na mtumishi asiyemjua jina la baba yake. Aliye mbali ni mwepesi kupendwa. Hanuki jasho, hajibu vibaya, havunji sahani.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya Kikristo, iwe Ng'ambo ya Unguja au Mombasa. Ni watu wema, hawakosi kanisa. Yumo humo msichana aliyeletwa kutoka mbali, miaka kumi na minane au kumi na tisa, anayepika, anayefua, anayeogesha watoto. Wote humwita “dada”. Jumapili wakenda ibadani yeye hubaki, kwani nyama haijiangalii yenyewe. Mshahara wake hupewa nusu, nusu “anatunziwa”. Akila, hula mwisho, jikoni, juu ya kibao cha mbuzi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani apate walau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Katika nyumba hii mtu akiutaja atachekwa. Dada gani tena anahitaji mkataba?

Hapo pana uovu mdogo wa lugha unaostahili kutazamwa. Jina la udugu ni rahisi. Halimgharimu mtoaji hata senti. Na kwa kuwa ni rahisi, huweza kutumika kufunika deni, kwani ndugu hadai, ndugu huvumilia. Mtume Paulo alilijua jina hilo lilivyo jepesi. Katika waraka wake mfupi kwa Filemoni anamrudisha Onesimo, mtumwa, na anaomba apokewe si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa. Laiti angeishia hapo, ingekuwa salamu nzuri tu. Lakini anaendelea kuandika kwamba, ikiwa Onesimo ana deni, liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalilipa. Na anaiandika ahadi hiyo kwa mkono wake. Wapo wanaomlaumu, na si bila ya haki, kwa kutotamka waziwazi kwamba Onesimo aachwe huru. Ila hili ni lake: alipolitaja jina la ndugu, alilitia saini ya deni.

Watasema wengine kwamba jiko nalo ni mahali patakatifu, na watamtaja Bradha Laurenti, Mkarmeli wa Paris wa karne ya 17, aliyeishi kwa Mungu katikati ya masufuria kama wengine wanavyoishi naye mbele ya altare. Ni kweli, na maisha yake ni mazuri. Lakini jiko la Laurenti lilikuwa la watawa wenzake, naye aliingia utawani kwa nadhiri yake mwenyewe. Tajiri anayemsifia mpishi wake utakatifu wa masufuria anauza asichokinunua.

Ikatokea siku katika nyumba ile zikapotea shilingi elfu arubaini. Mama mwenye nyumba akapekua mkoba wa msichana mbele ya watoto, akatamka neno ambalo likishatoka halirudi. Msichana hakujibu. Alitoka akaketi kwenye baraza ya nyumba ya pili. Mwenye baraza, bibi wa Kiislamu aliyeyasikia yote kupitia dirishani, hakumuuliza kama ameiba. Alimwambia, “Karibu mwanangu, kaa hapa kivulini,” akaingia ndani na kumtolea sahani ya wali. Jioni fedha zilionekana katika mfuko wa shati la baba, zilipokuwa tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi.

Mama yule alikuwa na njia nyingi nyepesi. Angeweza kumwongezea msichana kitu katika mshahara bila ya kusema neno. Angeweza kusali. Angeweza kesho yake kupiga magoti na kuungama, akasamehewa na Mungu, ambaye hakumpekua mkoba. Mafundisho ya Yesu mlimani yanaiziba njia hii ya mwisho kwa namna ya ajabu. Anasema habari za mtu aliyekwisha kufika altareni na sadaka yake, akakumbuka huko kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Iangaliwe vyema: anayekumbuka si aliyekosewa, ni aliyekosa. Huyo anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane na nduguye. Altare inasubiri. Utakatifu wote wa mahali pale unawekwa kando, kama mgeni aliyeambiwa akae kidogo, mpaka mtu arudi kutoka jikoni.

Hilo ndilo jibu la swali la vipimo, nalo halimpendezi mtu wa kanisa wala mtu asiye wa kanisa. Asiye wa kanisa angependa kisa kiishie njiani: mtu aende akapatane, basi, sadaka ya nini tena? Lakini yule mtu anaambiwa arudi, aitoe. Altare haikufutwa, imekataa tu kupokea kitu kilichopitishwa juu ya kichwa cha mtu. Naye mtu wa kanisa angependa upatano huo uwe wa moyoni, wa siri, kati yake na Mungu, na hapo ndipo anapoambiwa atoke nje, jua likiwa kali, akabishe hodi.

Na hodi hiyo ni nzito kwa mkubwa kumpigia mdogo. Mkubwa ni jalala, husemwa, kwa maana ya kwamba hubeba taka za wote. Na jalala halina mazoea ya kuomba radhi. Mama akiomba msamaha faraghani, watoto waliosikia tusi hawatausikia msamaha, na watakua wakijua kwamba maskini hutukanwa hadharani na kutakwa radhi gizani. Kosa lilifanyika mbele ya watoto, na radhi haina pengine pa kuombewa.

Basi mama yule, usiku ule, akaenda hadi baraza ya pili. Aliwachukua watoto. Mbele yao na mbele ya bibi mwenye baraza akasema kwamba fedha zimeonekana, kwamba msichana hakuchukua kitu, na kwamba mwenye kosa ni yeye. Akamkabidhi bahasha yenye fedha zote “alizotunziwa”, miezi kumi na mmoja. Bibi wa baraza akatazama chini ili asimwaibishe.

Msichana akazihesabu. Akasema, “Nimesikia, mama.” Hakusema kwamba amesamehe, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai neno hilo. Alilala kwa bibi. Asubuhi, kengele ya kanisa ikilia, alikwishachukua mkoba wake, akashika njia ya kwenda kwao.