Panga la Kuazima: Juu ya Imani na Kazi ya Shamba

Huku kwetu Bushi mtu haingii shambani na jembe peke yake. Anaingia na jembe na neno la kumwambia Mungu. Wazee wetu walimwita Nyamuzinda mbele ya wamisionari kufika, na hawakutia mbegu katika udongo bila kumkumbuka. Wengine walimimina kasiksi kidogo kwa ajili ya Lyangombe na kwa ajili ya wale waliolala. Kukiwa kilio katika kilima, jembe lilibaki nyumbani. Leo tunapeleka kikapu cha maharagi kanisani siku ya mavuno. Majina yamebadilika, lakini wazo limebaki: shamba si kazi ya mikono tu.

Juu ya hilo sina ubishi na mtu. Swali langu ni lingine: je, imani ya mtu mmoja inaweza kuwa mzigo juu ya mgongo wa jirani yake? Swali hili nilikutana nalo katika shamba la mama yangu, katika Kabare, mwaka 2013.

Shamba lenyewe ni dogo, halifiki nusu ya hektari. Kuna muhogo, maharagi, majani ya sombe, mbuzi wawili, na kuzunguka nyumba kuna migomba. Kwa Mshi migomba ni zaidi ya chakula. Ndizi zake zinatoa kasiksi, na bila kasiksi hakuna posa inayosemwa vizuri wala kilio kinachomalizika kwa heshima. Migomba ile ilipandwa na babu. Yeye mwenyewe amezikwa katikati yake, na kitovu changu kilifukiwa chini ya mmoja wao. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moto, Mama alitoka nje, akasimama fasi ile, akaomba. Wakati wa kuvuna, mkungu wa kwanza haukwenda sokoni. Uliliwa nyumbani, na sehemu yake ilipelekwa kwa jirani asiyekuwa na kitu.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yameunguzwa, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Wataalamu wanauita mnyauko. Ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule huku kwetu Kongo, katika Masisi. Kutoka kule ulishuka polepole mpaka Kivu ya Kusini. Unaletwa na wadudu wanaotembelea lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, na machipukizi yaliyotoka katika shamba lenye ugonjwa, na zaidi sana panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata ulio mzima.

Mgomba wa kwanza ulipolegea, sauti tatu zilisikika katika kilima. Wa kwanza walisema: tumelogwa, na wakaanza kutazamana vibaya. Wa pili, watu wa kundi moja la maombi, walisema ni jaribu, na kwamba anayekata migomba yake amekwisha kumwambia Mungu kwamba hawezi kuponya. Wa tatu alikuwa agronome. Yeye alisema maneno mafupi: kateni ile migonjwa, vunjeni maua kwa kijiti chenye panda, na kila panga lipitishwe katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine.

Mama alifuata sauti ya pili. Alifunga siku tatu. Aliniambia, "Mwanangu, hii migomba ni ya babu yako. Mungu eko. Tuombe kwanza, kukata tutakata kesho." Ile kesho ilichukua miezi mitatu.

Na mimi? Mimi niliyesoma, mwalimu, nilimsikia agronome kwa masikio yangu na nilimwelewa. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mtoto hamfundishi mama yake namna ya kuomba. Niliita ule unyamavu heshima. Leo ninajua kwamba ulikuwa pia woga, maana ilikuwa rahisi zaidi kumwacha Mama akosee kuliko kumwona amekasirika.

Katika miezi ile mitatu, jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, alikuja mara nyingi kuazima panga. Kwetu, kumunyima jirani panga ni haya kubwa, ni kama kumunyima moto au chumvi. Mama alimpa kila mara, na alimpa kwa moyo mweupe. Panga lilitoka katika migomba yetu bila kuona moto, likaingia katika migomba yake. Mbele ya mwaka kwisha, migomba yake ilikuwa imelegea kama yetu. Minervali ya watoto wake ilitoka katika ndizi zile. Mtoto wake wa pili alikaa nyumbani mwaka mzima.

Hapa ndipo fikra yangu inasimama. Sisemi kwamba Mama alikosa kwa kuomba. Mtu ana haki ya kumngojea Mungu katika jambo lake mwenyewe. Akitaka kuweka migomba yake yote mbele ya Mungu na kungoja, hasara ni yake, na imani ni yake. Lakini shamba dogo halina ukuta. Nyuki hawajui mpaka, na panga linatembea. Niliyokuwa ninaita imani katika shamba letu, katika shamba la jirani ilikuwa hatari ambayo yeye hakuichagua. Unaweza kuweka rehani kilicho chako, lakini kilicho cha mjane huwezi.

Wengine watanijibu: basi unataka tuamini moto kuliko Mungu? Hapana. Yule anayetia mbegu katika udongo na kungoja mvua, je, amekosa imani kwa sababu ametumia jembe? Wazee wetu walimwita Nyamuzinda na bado walipalilia. Hakuna aliyewaambia kwamba kupalilia ni matusi kwa Mungu. Kuchoma panga ni kupalilia kwa namna nyingine. Wengine watasema: nikichoma panga mbele ya jirani, ataona ninamdhania ni mchafu. Ni kweli, mwanzoni inauma. Lakini mila ya kuazimana ilizaliwa juu ya kusaidiana. Ukimpa jirani kitu kitakachomwangamiza, umeshika umbo la mila na umepoteza moyo wake.

Nilimwambia Mama mambo haya siku moja jioni, nimechelewa sana. Hakunijibu. Asubuhi hakwenda fasi yake ya kuomba. Alichukua kikapu cha maharagi ya mbegu, akaenda kwa jirani, akakaa chini, akasema: "Dada, ni panga yangu ndiyo ilikuletea hii. Sikujua, kisha nilijua, nikakawia. Unisamehe." Jirani alilia. Hakusema amesamehe siku ile. Alisema wiki iliyofuata, alipokuja kutusaidia kukata.

Tulikata hata ule wa kitovu changu. Tulipanda maharagi fasi ile na kungoja miezi sita, kisha tukatafuta machipukizi safi. Migomba ya babu haikurudi yote. Aina moja iliyotoa kasiksi nzuri haipatikani tena katika kilima chetu, na mtoto wa jirani hakurudishiwa mwaka wake. Maombi hayakufuta hayo, na mimi sidai kwamba yalifuta.

Lakini Mama anaomba hata leo. Anawasha moto, anapitisha panga mpaka linakuwa haligusiki, na midomo yake inacheza. Nilimuuliza anasema nini. Alijibu, "Namuomba Mungu nisipelekee mutu ubaya na mukono yangu."

Vijana wetu waliosoma wanafikiri inafaa kuchagua: ama imani ya wazazi, ama ujuzi wa shule. Mimi ninawaambia: msiwacheke wazazi, na msinyamaze mbele yao. Semeni kwa adabu, na semeni mapema. Heshima inayongoja mpaka shamba la jirani limekauka, imekwisha kuchelewa.